Wiki nane za likizo, kiwanda cha mabilioni

Ndugu msomaji, umezoea kufungua ukurasa huu ukitafuta bei ya korosho, kahawa, mahindi na dola. Wiki hii tunaomba uvumilivu wako, tuzungumzie bidhaa ambayo haipimwi kwa gunia wala kwa tani, lakini uhaba wake umewahi kuchelewesha kiwanda cha mabilioni ya dola. Bidhaa hiyo ni kijana wa chuo kikuu anayejua kubuni na kutengeneza chipu.

Chipu ni kile kipande kidogo cha silikoni kilichomo ndani ya simu, gari, mashine ya kutolea fedha benki na hata mita ya Luku ukutani kwako. Hutengenezwa kwa semikondakta, yaani kitu ambacho si kipitishi kizuri cha umeme kama shaba, wala si kizuizi kama mpira. Fundi akikiandaa vizuri, hukifanya kipitishe umeme au kiuzuie kama apendavyo. Kila mlango mdogo wa kufunga na kufungua umeme huo huitwa transista, na chipu moja ya simu ya kisasa ina mabilioni ya milango hiyo.

Swali letu la wiki hii ni la kibiashara. Kwa nini nchi tajiri kama Marekani iwachukue wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, wasio na shahada wala uzoefu, na kuwafundisha kazi hiyo wakati wa likizo? Na je, hesabu hiyo inatuhusu nini sisi?

FEDHA ZIPO, WATU HAWAPO

Agosti 9, 2022, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyotenga kiasi cha dola bilioni 52.7 kwa ajili ya sekta ya chipu. Kati ya hizo, dola bilioni 39 zilikuwa za kuwavutia wenye viwanda wajenge ndani ya Marekani. Sababu ilikuwa wazi. Kwa mujibu wa chama cha wenye viwanda vya chipu cha nchi hiyo, sehemu ya Marekani katika uwezo wa dunia wa kutengeneza chipu ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 37 mwaka 1990 hadi asilimia 12 mwaka 2020. Kisha, mwaka 2021, viwanda vya magari vya nchi mbalimbali vilisimamisha kazi kwa kukosa chipu, nyingine za bei ndogo tu.

Fedha zikapatikana, lakini mikono haikutosha. Julai 2023, kampuni ya TSMC ya Taiwan, iliyo kubwa kuliko zote katika kutengeneza chipu kwa niaba ya wateja, ilitangaza kwamba kiwanda chake cha kwanza jimboni Arizona hakingeanza uzalishaji mwaka 2024 kama ilivyopangwa bali mwaka 2025. Mwenyekiti wake wa wakati huo, Mark Liu, alieleza kuwa hapakuwa na mafundi wa kutosha wenye ujuzi wa kufunga mitambo ya aina hiyo.

Mwezi huohuo, chama tulichokitaja na kampuni ya utafiti ya Oxford Economics walitoa makadirio yao. Walisema ajira katika sekta hiyo nchini Marekani zingepanda kutoka 345,000 hivi hadi 460,000 ifikapo mwaka 2030. Hilo ni ongezeko la watu 115,000, na kati ya nafasi hizo, 67,000 zingeweza kukosa wa kuzijaza iwapo vyuo vingeendelea kutoa wahitimu kwa kasi ileile.

Kwa lugha ya soko, mahitaji yalipanda na ugavi haukufuata. Mahindi yakiadimika, serikali inaweza kuruhusu meli iingize shehena na bei ikatulia kwa mwezi mmoja au miwili. Mhandisi hana meli ya namna hiyo. Huchukua miaka minne darasani, na baada ya hapo huhitaji muda wa kuizoea mitambo.

KWA NINI LIKIZO?

Historia yenyewe ya chipu ina likizo ndani yake. Katikati ya mwaka 1958, mhandisi Jack Kilby aliajiriwa na kampuni ya Texas Instruments mjini Dallas. Julai ilipofika, wafanyakazi wengi walikwenda likizo ya pamoja, lakini yeye alikuwa mgeni na hakuwa na siku za likizo. Alibaki peke yake na vifaa vya maabara. Septemba 12 mwaka huohuo aliwaonyesha wakubwa wake kipande kimoja kilichobeba sakiti nzima, na mwaka 2000 kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Leo vyuo vya Marekani vinaitumia likizo hiyo ya kiangazi kwa makusudi. Mfano mmoja ni Chuo Kikuu cha Purdue, kilichopo West Lafayette, jimboni Indiana. Mwaka 2022 chuo hicho kilianzisha mafunzo ya likizo yaitwayo STARS, ambayo huchukua wiki nane. Wanaolengwa hasa ni wanafunzi wa shahada ya kwanza waliomaliza mwaka wa kwanza au wa pili. Wengine hufundishwa kubuni chipu na wengine kuitengeneza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasichukuliwe wa mwaka wa mwisho, ambao wako karibu na ajira. Jibu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ameshachagua njia. Kijana mwenye akili ya hesabu anayeingia uhandisi wa umeme huvutwa mapema na kampuni za programu za kompyuta na mabenki. Asipoiona chipu kwa macho yake kabla ya kuchagua masomo ya mwaka wa tatu, huenda asiione tena maisha yake yote.

Wenzetu wa Kagera wanaijua biashara ya butura, ya kununua kahawa ingali maua mtini. Mnunuzi hulipa mapema na kidogo, na mkulima hubaki akilia wakati wa mavuno. Mafunzo haya nayo ni ununuzi wa mapema, ila kuna tofauti moja kubwa. Hapa maua hayafungwi kwa mnunuzi mmoja, kwani ujuzi ni mali ya mwanafunzi na anaweza kuuuza kwa yeyote.

KINACHOFANYIKA NDANI

Tuanze na wabunifu. Kazi yao haihitaji kiwanda bali kompyuta. Mwanafunzi huandika kwa lugha maalumu maelezo ya kazi anayotaka chipu ifanye, kwa mfano kuhesabu, kulinganisha namba mbili au kuwasha taa kwa mpangilio. Kisha huijaribu kazi hiyo katika kompyuta kabla haijawa kitu cha kushikika. Ikikubali, programu huigeuza kuwa ramani ya transista na nyaya, tabaka juu ya tabaka, na ramani hiyo hukaguliwa kwa kanuni za kiwanda kitakachoitengeneza.

Mwalimu wa kazi hii husisitiza ukaguzi kuliko kitu kingine chochote. Mwandishi wa programu ya kawaida akikosea leo hurekebisha kesho, lakini kosa lililokwisha kuchongwa kwenye silikoni halirekebishiki kwa kalamu. Chipu husubiriwa kwa miezi, na ikirudi mbovu, fedha na muda vimekwenda pamoja.

Watengenezaji huingia katika chumba safi. Purdue ina kituo cha Birck chenye chumba cha namna hiyo cha ukubwa wa futi za mraba 25,000 hivi. Kabla ya kuingia, mwanafunzi huvaa vazi jeupe la kumfunika kichwa hadi miguu, si kwa ajili ya kujilinda yeye bali kuilinda kazi dhidi ya nywele, ngozi na pumzi yake. Chembe ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kuziba njia za umeme ambazo ni nyembamba kuliko unywele kwa mara maelfu.

Humo ndani hufundishwa kazi yenyewe. Kisahani cha silikoni huoshwa, kikapakwa dawa inayogeuka ikipigwa na mwanga, kikamulikwa kupitia kioo chenye michoro, kisha sehemu zisizotakiwa zikaondolewa kwa kemikali au gesi. Baada ya hapo huongezwa tabaka jingine na mzunguko huanza upya. Taa za chumba hicho ni za njano kwa sababu dawa ile huharibika kwa mwanga wa buluu. Usalama nao ni somo kamili, kwani baadhi ya kemikali, kama asidi ya hidrofloriki, hupenya ngozi na kudhuru hadi mfupa.

HESABU YA MAVUNO

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kusikiliza. Faida ya kiwanda cha chipu hupimwa kwa mavuno, yaani katika kila chipu 100 zilizoanza safari, ni ngapi zimefika nzima.

Tufanye hesabu rahisi ya mfano. Chukua chipu yenye hatua 500 za utengenezaji. Ikiwa kila hatua inafanywa sawasawa mara 99 katika 100, mtu wa kawaida atasema hiyo ni kazi nzuri sana. Lakini makosa hujilimbikiza. Mwisho wa hatua 500, haifiki hata chipu moja nzima katika kila 100. Sasa punguza kosa liwe moja katika kila mara 1,000. Chipu nzima zitakuwa 60 hivi katika kila 100.

Mashine ni zilezile na silikoni ni ileile. Tofauti kati ya kufilisika na kupata faida imekaa kwenye uangalifu wa kila hatua, na uangalifu huo ndio unaofundishwa katika chumba safi. Mashine moja ya hali ya juu ya kuchora kwa mwanga, kutoka kampuni ya ASML ya Uholanzi, huzidi dola milioni 150. Anayemiliki mashine ya bei hiyo hataki aliyeisoma vitabuni tu aiguse kwa mara ya kwanza siku ya ajira. Kwake, wiki nane za mwanafunzi ni bima ya bei nafuu.

KONTENA LA KUCHANGIA

Huenda msomaji anajiuliza mwanafunzi anapata wapi fedha za kutengenezewa chipu. Jibu analijua kila mfanyabiashara wa Kariakoo asiye na mtaji wa kujaza kontena zima kutoka Guangzhou au Dubai. Wafanyabiashara kumi huchangia kontena moja, kila mmoja na mzigo wake, na gharama ya meli inagawanywa.

Katika chipu utaratibu huo si mpya. Mwaka 1978 mtaalamu Lynn Conway alifundisha kozi ya ubunifu wa chipu katika chuo cha MIT, na kazi za wanafunzi wake zikatengenezwa kwa pamoja. Mwaka uliofuata, kazi za wanafunzi na walimu wa vyuo mbalimbali ziliwekwa bega kwa bega kwenye visahani vilevile vya silikoni na kutengenezwa kwa mara moja. Mwaka 1981 ilianzishwa huduma ya kudumu ya namna hiyo, iitwayo MOSIS. Wengi walioingia sekta hiyo miaka ya themanini walipita katika kontena hilo.

Mwaka 2020 mlango ulifunguka zaidi. Kampuni ya Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walitoa bure kwa umma kanuni za utengenezaji ambazo awali zilifungiwa kwa mikataba ya siri. Zipo pia programu za kubunia zisizolipiwa. Hivyo mwanafunzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura mwenye kompyuta ya kawaida na umeme wa uhakika anaweza kujifunza ubunifu kwa kanuni za kiwanda halisi.

Hata hivyo, kontena la kuchangia lina hatari yake, nayo ni wakala kuanguka njiani. Machi 2025 kampuni ya Efabless, iliyokuwa ikikusanya kazi za wabunifu wadogo na kuzipeleka kiwandani, ilisimamisha shughuli kwa kukosa mtaji. Waliokwisha kulipa na kutuma kazi zao wakabaki wakisubiri.

SOKO HILI LINA MAWIMBI

Ukurasa huu haujawahi kumwambia msomaji kwamba kuna bidhaa inayopanda bei tu. Januari 2022 kampuni ya Intel ilitangaza viwanda vya zaidi ya dola bilioni 20 jimboni Ohio, vianze kazi mwaka 2025. Februari 2025 kampuni hiyohiyo ilisogeza kukamilika kwa kiwanda cha kwanza hadi mwaka 2030. Kabla ya hapo, Agosti 2024, ilikuwa imetangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 15,000. Kijana aliyepanga maisha yake kwa kiwanda hicho kimoja alipata pigo.

Upande wa pili, Aprili 2024 kampuni ya SK hynix ya Korea Kusini ilitangaza kuwekeza dola bilioni 3.87 hukohuko West Lafayette, kwa kiwanda cha kufunga chipu za kumbukumbu, ikikusudia kuanza uzalishaji mwaka 2028. Haikuwa bahati nasibu kwamba ilichagua mji wenye chuo kinachofundisha kazi hiyo.

Funzo hapa ni kwamba mafunzo yakifungwa kwa mwekezaji mmoja huzama pamoja naye. Yakiwa mapana, mwekezaji mmoja akiondoka mwingine huwakuta watu wapo. Kiwanda hukifuata chuo, kama vile mnunuzi wa pamba anavyofuata mahali ambapo pamba imekwisha limwa.

SISI NA SIKU ZETU 56

Tukirudi nyumbani, tusijidanganye kwamba kesho tutajenga kiwanda cha dola bilioni 20. Lakini jirani zetu hawajakaa bure. Huko Nyeri, Kenya, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na kazi hii. Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto mjini Washington, shirika la biashara na maendeleo la serikali ya Marekani lilitangaza msaada wa dola milioni 1.3 kwa ajili ya upembuzi yakinifu wa kuipanua kampuni hiyo. Kwa sekta hii hizo ni fedha ndogo, lakini zilikwenda mahali palipo na chuo na wanafunzi.

Sisi Tanzania tunacho kitu ambacho wengi wetu hatukitazami kama mtaji. Wanafunzi wetu wa uhandisi huenda mafunzo kwa vitendo kila likizo ndefu, ndiyo ile tunayoiita fildi. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukihesabu siku za kugharimia mafunzo hayo hadi 56 kwa mwaka. Gawanya kwa saba upate wiki nane, sawasawa na za Purdue.

Mwandishi wa safu hii alisoma biashara, na wiki zake nane alizitumia katika ofisi moja ya jijini akibana karatasi kwa stepla, akipeleka barua na kutumwa vitumbua vya saa nne. Siku ya mwisho msimamizi alitia saini daftari la fildi bila kulifungua. Alama zilikuja nzuri. Ujuzi haukuja, na miezi sita ya kwanza ya ajira ilitumika kujifunza yale ambayo wiki zile zingeweza kufundisha. Aliyelipa gharama ya miezi hiyo sita ni mwajiri.

Kwa hiyo siku tunazo, na sehemu ya fedha ipo. Kinachokosekana ni kazi ya kweli ya kumpa kijana akifika. Kwa upande wa ubunifu wa chipu, kazi hiyo haihitaji chumba safi. Inahitaji chumba chenye kompyuta ishirini, mwalimu mmoja anayeijua kazi, programu zisizolipiwa, na fungu la kuchangia nafasi kwenye kisahani cha kiwanda cha nje. Kampuni za simu, mabenki na waagizaji wa mita za umeme wote hununua chipu kila mwaka bila kuwa na mtu wa kuwaambia walichonunua. Wakichangia chumba kama hicho, watakuwa wanajinunulia wakaguzi wao wenyewe.

Lipo pia jambo la madini. Bati ndilo kiungo kikuu cha lehemu inayoshika chipu mahali pake, na dhahabu hutumika katika nyaya nyembamba za kuiunganisha. Bati lipo Kyerwa na Kongo, dhahabu ipo Geita. Tumekuwa wazoefu wa kuuza kwa uzito. Nchi zinazouza kwa ujuzi zinanunua kutoka kwetu kwa kilo na kuturudishia kwa kipande, na hakuna mkataba wa madini utakaobadilisha hali hiyo kabla hatujawa na watu wanaojua kinachofanyika katikati.

Ushauri wetu kwa mzazi mwenye mtoto katika kitivo cha uhandisi ni huu: likizo ijayo usimtafutie fildi kwa kuangalia ukubwa wa jina la ofisi. Muulize msimamizi mtoto atashika nini katika wiki ya kwanza, na atakuwa ameunda nini ifikapo wiki ya nane. Asipopata jibu, tafuta kwingine, hata kama ni karakana yenye benchi moja na pasi ya lehemu.

Kwa mwajiri, swali ni hilohilo, ila huulizwa kutoka upande wa pili wa meza. Vijana watakuja likizo ijayo wakiwa na barua za vyuo mkononi. Unaweza kuwatuma chai, au unaweza kuanza kuwafundisha kazi utakayoihitaji miaka mitatu ijayo, wakati ambapo bei yake sokoni itakuwa imepanda.